Shaba ya Nyar Kendu

Hasira yangu ina harufu. Ni harufu ya ndimu iliyokatwa katikati, ikachovywa kwenye jivu baridi, ikasuguliwa juu ya madini mpaka maji yake yakawa na rangi ya tope. Ilinifikia hivi majuzi nikiwa nimeketi hemani, huko Suna, kwenye mazishi ya mzee aliyekuwa naibu wa chifu katika kata ndogo yetu nilipokuwa mtoto. Msomaji wa wasifu wa marehemu alikuwa amefika mahali pa kutueleza, kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma, kwamba marehemu alipigana na pombe haramu bila kuchoka na bila kumwonea mtu haya. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakisugua masufuria ya wageni, na upepo ukaileta ile harufu hadi puani mwangu. Nilisimama kabla msomaji hajamaliza sentensi yake. Kikombe cha chai nilichokuwa nimepewa nilikiacha chini ya kiti, kimejaa kama nilivyokipokea. Wazee waliokuwa karibu nami walinipisha kwa upole, wakidhani, kwa jinsi nilivyouinamisha uso, kwamba nimezidiwa na huzuni.

Sikuwa nimezidiwa na huzuni. Nilikuwa na ghadhabu ambayo nimeibeba tangu utotoni, na ambayo umri, uliodaiwa kuwa ungeipooza, umeikausha tu ikawa nyepesi zaidi kushika moto. Wenzangu wa rika langu, waliolelewa katika nchi ile ya mtama na miwa baina ya Mto Migori na ziwa, watanielewa bila maelezo marefu. Tulikua wakati chifu na naibu wake waliweza kuingia jikoni mwa mtu bila kubisha hodi, na wakitoka walikuwa wameshika walichokitaka, na aliyebaki jikoni alishukuru kwamba hawakumshika yeye.

Jikoni mwetu walichukua mrija.

Ulikuwa mrija wa shaba, mrefu kumpita mwanamume aliyelala, wenye kiwiko kimoja karibu na mwisho wake. Mama yangu alizaliwa Kendu Bay, na kwa kuwa kwetu mke huitwa kwa jina la mahali alikotoka, hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Nyar Kendu, yaani binti wa Kendu. Baba yake alikuwa fundi gatini, wakati meli bado zilitia nanga pale, na injini moja ilipokufa kabisa aliruhusiwa kuchukua vipande vyake. Alichukua mrija huo tu. Baba yangu alipofariki, nami nikiwa bado sijaweza kuishika sura yake akilini, nyanya alikuja kutoka Kendu akiwa ameubeba mrija begani, umeviringishwa ndani ya mkeka kama mgonjwa. Akauweka sakafuni, akamwambia mama: "Shamba linaweza kukukataa. Shemeji zako wanaweza kukukataa. Hii haitakukataa, mradi uiweke safi."

Basi mama akawa mkenekaji wa chang'aa. Sitalipamba neno hilo. Mtama uliochipua na sukari guru vilichachuka ndani ya pipa nyuma ya jiko letu. Pipa likatiwa moto, mvuke ukapita ndani ya shaba iliyolazwa kwenye maji baridi, na upande wa pili ukaanguka tone kwa tone, mweupe kama machozi. Kwa matone hayo tulivaa sare za shule. Wateja walikuwa majirani, na yule niliyempenda kuliko wote alikuwa Ogola, fundi wa baiskeli, mtu mwembamba ambaye kila alipoketi alijikunja kama kisu cha mfukoni, na ambaye hakuweza kunywa bila kutania.

Lakini kazi niliyoijua mimi haikuwa ya kukeneka. Ilikuwa ya kusafisha. Mama aliusafisha mrija kabla ya kuutumia na baada ya kuutumia, na hakukubali sababu yoyote ya kuiruka kazi hiyo, iwe mvua, homa, au Jumapili. "Shaba ikilala na unyevu, huamka kijani," alikuwa akisema. Mara ya kwanza kuiona kutu hiyo ya kijani nilidhani ni nyasi. Nilidhani mrija umeanza kuota kama paa la jiko letu linavyoota masika, nikamwambia mama tuiache ikue tuone kama itatoa maua. Hakucheka. Alikichukua kidole changu, akakipitisha juu ya kile kijani, kisha akakipangusa kwa nguvu kwenye leso yake mpaka kikauma. "Hii ikiingia tumboni mwa mtu, mimi ndiye niliyeiweka," alisema.

Namna yetu ya kusafisha ilikuwa hii. Alifunga punje ya harage kwenye uzi wa katani, nami nikaitumbukiza kwenye mdomo mmoja wa mrija. Akauinua upande huo na kumimina maji, na harage likaenda likigonga kuta za shaba, likasita kwenye kiwiko, likajikwamua, likaniangukia kiganjani upande wa pili, ambako nilikuwa nimekimbilia kulisubiri. Uzi ukiisha kupita, tulifunga katikati yake kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya ndimu na kupakwa jivu. Yeye akashika upande wake, mimi wangu.

"Vuta."

Nikavuta.

"Legeza. Usiuachilie, nimesema legeza."

Tulivutana hivyo mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Vidole vyangu vilikuwa na michubuko ya kuni na kamba za maji, na ndimu iliingia katika kila mchubuko. Nilikuwa nikilia bila sauti, naye alikuwa akiona bila kusema. Kisha tukasuuza, na ndipo ukafika mtihani, ambao sijawahi kusikia kwamba mtu mwingine aliufanya. Niliweka mdomo wangu upande mmoja na kupuliza. Mama aliweka pua yake upande wa pili, macho amefumba. Kama alisikia harufu ya chachu, au ya madini, au ya jivu, tulirudia tangu mwanzo. Mrija ulikuwa safi pale tu ambapo hakusikia chochote isipokuwa pumzi yangu.

"Umekunywa uji wa mtama," alikuwa akisema, akifumbua macho. "Na hukusukutua mdomo."

Hapo nilijua tumemaliza. Mrija ukafutwa, ukatundikwa chini ya paa kwa kamba za mgomba, miisho yote miwili wazi ili upumue. Ladha ya shaba ilibaki kwenye midomo yangu mpaka shuleni, na nikilamba midomo darasani nilihisi kama kwamba mama ameniwekea alama.

Naibu wa chifu alikuja mara ya kwanza asubuhi, wakati tulikuwa tunaanika mtama. Alifuatana na askari mmoja asiyekuwa wa kwetu, kijana mwenye viatu vizito, na kwa ajili yake ikabidi mambo yasemwe kwa Kiswahili. Ni muhimu nilieleze jambo hili. Kwetu tulisema Kijaluo. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko, na ya mikutano, na ya kukamatwa. Mtu mzima alipobadili lugha ghafla, sisi watoto tulitafuta pa kujificha.

"Nyar Kendu, umeamkaje?" naibu alianza kwa Kijaluo, kwa sauti ya jirani.

"Nimeamka, jaduong'," alijibu mama. Jaduong' ndivyo tunavyomwita mwanamume wa heshima, nayo heshima hiyo mama aliitoa bila kutikisika.

Kisha naibu akakaza shingo, akaingia Kiswahili kama mtu anayevaa kofia. "Hii paipu tunaenda nayo. Hii ni ushahidi ya serikali."

Hakuutafuta. Alinyosha mkono moja kwa moja chini ya paa, mahali ulipotundikwa, kwa kuwa alikuwa amekunywa chini ya paa lile mara nyingi. Ogola alikuwa ameegemea ukuta na kibuyu chake, akaona mambo hayo hayampiti bila neno.

"Afande," alimwambia askari, "kama mnakusanya ushahidi, chukua na mimi. Nimejaa mpaka hapa." Akajigusa koo.

Askari alicheka. Naibu hakucheka, lakini hakumgusa Ogola. Waliondoka na mrija peke yake. Mama alibaki uani akiitazama njia, na nilitarajia alie. Badala yake alirudi kwenye mtama, akaupepeta kwa nguvu iliyotisha kuku.

Mrija ulirudi. Hilo ndilo lililonishangaza. Mama aliambiwa akauchukue nyuma ya ofisi, naye akarudi nao begani, na tulipoulaza uani tuliona ulivyokuwa. Nje ulikuwa na madoa ya kijani kama ngozi ya mgonjwa. Ndani ulikuwa umeganda uji mweusi, mtamu, wenye harufu nzito iliyokuwa ikituzonga puani. Ilikuwa molasi. Sisi hatukutumia molasi. Katika vilima vile vyote ni mji mmoja tu, yaani boma moja, uliokuwa na mapipa ya molasi, ukitelemshiwa na malori ya miwa, na tulipita mbele ya mapipa hayo kila siku tukienda shule: yalikuwa nyuma ya nyumba ya naibu wa chifu, yamefunikwa kwa majani ya mgomba. Alisema ni chakula cha ng'ombe. Ng'ombe wake walikuwa wamekonda mbavu zikihesabika.

Mimi sikuunganisha mambo hayo. Mtoto huona kila kitu na hufahamu kitu kingine kabisa. Nilichoelewa ni kwamba Serikali ilikuwa mtu, tena mtu mwenye mji wake, aliyeazima mrija wetu kwa ukali kwa sababu aliona aibu kuuomba, na kwamba mji wake ulikuwa na upungufu fulani wa kusikitisha. Tulipokuwa tukivuta kitambaa, na molasi ikitoka vipande vipande, nikamwuliza mama: "Kwani Serikali haina wasichana?"

"Kwa nini?"

"Ingekuwa na msichana, angeusafisha kabla ya kuurudisha."

Mama aliachia uzi, kinyume na kanuni yake mwenyewe, akaketi chini akacheka mpaka akashika ubavu. Jioni aliwasimulia wateja, na tangu siku hiyo Ogola alinisalimu kwa swali moja. "Awuor, Serikali imeshapata msichana?" Nami nilijibu, kwa uzito wote, "Bado."

Walikuja tena, na tena. Kila wageni wa naibu walipokaribia, iwe ni Krismasi au mahari ya mwanawe, sheria iliamka na kuja jikoni mwetu. Mrija ulitoka ukiwa unang'aa ukarudi ukiwa kijani. Sikujua bado kumchukia mtu kwa jambo hilo. Nilichukia ndimu, nilichukia uzi, nilichukia vidole vyangu. Ninapokumbuka leo jinsi mama alivyousugua mrija uliotoka katika mji ule, meno yameumana, mshipa umesimama shingoni, nauelewa usafi ule. Kila msuguo ulikuwa ni neno ambalo hakuweza kulisema, kwa sababu shauri la mpaka wa shamba letu, ambalo shemeji zake walilitaka, lilikuwa likilala mezani kwa naibu, na naibu angeliamsha siku aliyotaka.

Mara ya mwisho mrija ulikaa huko kuliko kawaida. Mama hakukeneka chochote. Pipa lilikauka, na wateja wetu walielekea kule ulikokuwa mrija. Nasi tukasikia habari kutoka kwa mke wa Ogola, aliyekuja akikimbia, kitambaa cha kichwa mkononi. Ogola alikuwa ameamka asubuhi hiyo akamwuliza kwa nini hakupambazuki. Jua lilikuwa limeingia mlangoni, limemwangukia usoni. Wanaume wengine waliokunywa pamoja naye nyuma ya nyumba ya naibu walikuwa wakitapika na kushika matumbo.

Nitakuwa mwadilifu hata katika hasira. Leo najua kwamba kutu ya shaba humtapisha mtu na kumkata tumbo, bali haimpofushi. Upofu wa Ogola ulitokana na kitu kingine kilichotiwa ndani ya pombe ile ili iume zaidi. Lakini hakuna aliyechunguza kilichotiwa. Kulikuwa na watu wagonjwa, kulikuwa na mrija, na kila mtu alijua mrija ni wa nani.

Baraza liliitishwa mbele ya ofisi. Mkuu wa tarafa alikuja mwenyewe, mtu wa mbali, mwenye kofia yenye beji, na kwa ajili yake kila kitu kilisemwa kwa Kiswahili. Tulikuwa tumeitwa mapema na jiko letu halikuwashwa. Mrija ulikuwa umelazwa juu ya meza, na sijawahi kuuona mchafu namna ile: kijani kilikuwa kimeula nusu yake, na kwenye mdomo wake nzi walikuwa wakigombania molasi. Mama aliwekwa asimame kando ya meza. Mimi nilikuwa nimekaa chini na watoto wengine, nikiona aibu; na aibu yangu yote, namwomba msomaji aielewe, ilikuwa ya uchafu. Nilidhani hilo ndilo kosa. Nilidhani wageni wakubwa wameitwa waone kwamba Nyar Kendu na binti yake hawasafishi vyombo.

Naibu alizungumza kwa muda mrefu, akiunyoshea mrija kidole. Alisema mama huyu ameonywa, na paipu yake imeshikwa mara nyingi, lakini hasikii. Alisema, "Saa hii watu wetu wanaenda kipofu." Hakusema ni nani aliyemrudishia kila mara iliposhikwa.

Mkuu wa tarafa alimgeukia mama. "Mama, hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na hawa watu wamekunywa kwako?"

Mama alimtazama naibu, aliyekuwa amesimama nyuma ya bega la mkubwa wake, kisha akautazama umati. Walikuwa majirani zetu wote. Walijua mapipa yako wapi. Wengine walikuwa na matumbo yaliyokuwa bado yakiwauma. Mkuu wa tarafa alimwona Ogola, aliyeketishwa mbele kwenye kiti, mkewe amemshika mkono.

"Wewe mzee. Ulikunywa wapi?"

Nilifurahi, kwa kuwa Ogola alikuwa wetu. Ogola aliugeuza uso wake kuelekea ile sauti, akatafakari, na nikaona kona ya mdomo wake ikipanda kama ilivyopanda alipotaka kutania.

"Bwana mkubwa," alisema, "mimi sioni. Mtu haoni, atakuwa shahidi ya nini?"

Watu walicheka. Si kwa ukatili. Walicheka kwa nafuu, kama watu walioonyeshwa mlango katika nyumba inayoungua. Nimesikia vicheko vingi maishani mwangu vilivyonuiwa kuumiza, na hakuna hata kimoja kilichonikata kama kile kisichonuia chochote. Ogola nimemsamehe, maana alikuwa amelipa kwa macho yake na alikuwa na watoto. Umati ule sijausamehe.

Mkuu wa tarafa, ambaye nadhani alitaka kuwahi njia kabla ya mvua, akatoa uamuzi aliouona kuwa wa huruma. Mama hatapelekwa kortini Migori. Ataukata mrija huo yeye mwenyewe, mbele ya watu, na asionekane tena na kitu kama hicho. Msumeno wa chuma ukaletwa.

Mama hakuupokea. "Nakubali," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini naomba nioshe kwanza."

"Uoshe ya nini? Si unaikata tu?"

"Hata maiti huoshwa, bwana."

Hilo hakuweza kulikataa mbele ya watu wale. Maji yakaletwa, jivu likachotwa jikoni kwa mwalimu mmoja aliyekaa jirani na ofisi, na mtu akachuma ndimu kwenye ua. Mama akaniita kwa jina. Nilisimama mbele ya kijiji kizima nikiwa mtoto mwenye furaha kuliko wote waliokuwa pale, kwa maana sasa nilikuwa nimeelewa: wametupa nafasi. Tukiusafisha vizuri, wataona kwamba sisi si watu wachafu, na watatuachilia na mrija wetu twende nyumbani.

Harage lilipita. Uzi ukapita. "Vuta," alisema mama, nami nikavuta kama sijawahi kuvuta. Molasi ilitoka donge baada ya donge, ikamwagika juu ya nyasi za baraza, na harufu yake ikawatambalia watu safu kwa safu. Hakuna pua pale ambayo haikuijua. Niliona vichwa vikigeuka, taratibu, kuelekea upande wa mapipa yale, na vikirudi upesi. Mkuu wa tarafa aliziba pua kwa leso.

"Hii ni nini inanuka tamu hivi?"

Watu waliinamia nyasi miguuni mwao.

"Ni uchafu tu ya pombe, bwana," alisema naibu.

Tulimaliza ndani, tukasugua nje, mpaka shaba ikarudi kuwa nyekundu na jua likaikalia. Mama akaniashiria. Nikaweka mdomo wangu, nikapuliza. Yeye akaweka pua upande wa pili, mbele ya serikali na watu wake, akafumba macho.

"Leo hujanywa uji," alisema kwa Kijaluo.

Nilimgeukia mkuu wa tarafa, nikatabasamu.

Ndipo mama akauchukua msumeno.

Sauti ya chuma kikikata shaba haifanani na nyingine. Ni kama mnyama mdogo asiyejua kosa lake. Alikata kipande, kikaanguka, akasogea, akakata kingine. Mimi niliruka. Nilikumbuka kwamba Serikali haijui Kijaluo, nikayatafuta maneno ya darasani, nikayapata, na hiyo ikawa sentensi yangu ya kwanza ya Kiswahili kumwambia mtu mkubwa: "Lakini ni safi. Lakini sasa ni safi."

"Huyu mtoto anasema nini?" aliuliza mkuu wa tarafa.

"Analia tu, bwana," alisema naibu.

Vijana waliviokota vipande wakaviuze kwa wanunuzi wa vyuma kuukuu. Kimoja tu, kifupi kama mkono wa mtoto, mama alikikanyaga mpaka baraza likatawanyika, akakitia kifuani. Baada ya hapo alichuuza omena, dagaa wa ziwani, aliowatoa ufukoni Kisegi, akitembea na beseni kichwani mpaka shingo yake ikaingia mabegani, na mimi nikapelekwa Kendu kwa mjomba nisomeshwe. Shauri la shamba liliamshwa hata hivyo, naye akapoteza upande wa mtoni. Naibu alizeeka vizuri.

Hiyo ndiyo harufu iliyonitoa hemani. Nilizunguka nyumba nikimtafuta mama, ambaye alikuwa amesisitiza tuje, kwa kuwa jirani huzikwa na majirani, na ambaye kwa ajili hiyo nilikuwa nimemkasirikia njia nzima. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya mafiga. Alikuwa akipuliza moto chini ya sufuria la wali kwa kile kipande cha shaba. Ndivyo anavyokitumia siku hizi. Huniambia moto haukaidi pumzi inayopita kwenye shaba. Kiling'aa kama pete.

"Mama, hata huyu?" nilisema. "Hata huyu unampulizia moto?"

"Nawapulizia wageni," alisema, bila kugeuka. "Yeye hali tena."

Nilikuwa nikitafuta jibu lenye ukali wa kutosha alipokuja mkwe wa marehemu, mwanamke kijana mwenye adabu, aliyeolewa katika mji ule miaka mingi baada ya mambo hayo, asiyejua lolote. Mikono yake ilikuwa na jivu.

"Mama, tuazime hicho kitu. Kule kwa nyama, moto umekataa kabisa."

Mama aliketi juu ya visigino vyake. "Moto wako uko wapi? Nitakuja kupuliza mwenyewe."

"Usisumbuke, mama. Nitakirudisha sasa hivi."

"Mwanangu," alisema mama, kwa sauti ile ile aliyoitumia kuagiza chumvi, "kitu changu kikiingia mji huu, najua kinavyorudi."

Kijana hakuelewa. Lakini wale vikongwe waliokuwa wakisugua masufuria, waliokuwa wake vijana siku ya baraza, mikono yao ilisimama. Mmoja aliweka ndimu chini polepole. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyecheka. Baadaye mikono ikaendelea.

Mama alinyosha mkono, akaichukua ile ndimu iliyowekwa chini, akaichovya jivuni, akakisugua kipande chake nje na ndani kwa kidole, akakisuuza kwa maji ya kikombe. Kisha akanielekezea upande mmoja. Sikuwa nimefanya hivyo tangu nilipokuwa mtoto, lakini mdomo ulijua mahali pake. Nikapuliza. Yeye aliweka pua upande wa pili, uso wake karibu sana na wangu, kwa kuwa mrija wenyewe umebaki mfupi kiasi hicho, akafumba macho.

"Hujanywa chai yao," alisema.

"Sijanywa."

Alikifuta kipande cha shaba kwa ncha ya leso, akasimama kwa kulishika bega langu, akaelekea kwenye ule moto mwingine.

"Hata mimi," alisema.